Mvua Iliyoombwa na Paa Linalovuja: Swali la Kidini kutoka Unyamwezi

Jamii inayoishi kwa kilimo cha kutegemea mvua hubeba ndani yake mgongano ambao, kwa kuwa umezoeleka mno, ni nadra kuulizwa: mvua ileile inayoombwa kwa sala na kwa matambiko ndiyo inayozuiwa kwa kila hila isiingie ndani ya nyumba. Mkulima hutazama mawingu mchana kwa matumaini, na usiku mvua inaponyesha huamka kusogeza kitanda na kutega sufuria chini ya tone. Puge, kata iliyoko katika Wilaya ya Nzega kwenye barabara inayotoka Tabora kwenda kaskazini, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu katika ukanda huo msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza takribani Novemba na kumalizika Aprili, ndio unaoamua kama mpunga na mahindi vitapatikana, na msimu huohuo ndio unaozijaribu kuta na mapaa baada ya miezi ya jua kali. Swali linaloulizwa katika insha hii ni la kidini kabla ya kuwa la kiufundi: je, anayeziba paa lake anaikataa sehemu ya neema aliyoiomba, na ikiwa haikatai, basi anafanya nini hasa, na wajibu wa kulifanya hilo unaishia katika nyumba ya nani?

Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba kuziba paa ni sehemu ya maombi yenyewe ya mvua, na kwamba, kwa kuwa mvua huombwa kwa niaba ya wote na huwanyeshea wote, kila paa linalovuja katika kijiji kilichoomba mvua ni deni la wale walioomba. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ina ushahidi mwingi katika mapokeo ya dini; sehemu ya pili husemwa mara chache, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwa maisha ya kijiji.

Dhamana ya mvua

Katika tawala za kale za Unyamwezi mvua ilikuwa na mwenye dhamana. Mtemi, yaani mtawala wa jadi aliyekuwa na wakuu wa vijiji chini yake, aliamua kesi na kuongoza vita, lakini juu ya hayo afya yake na afya ya nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mvua ilipochelewa, macho ya watu yalimwelekea yeye na wataalamu wa mvua waliomzunguka, na matambiko kwa mizimu ya watemi waliotangulia yalifanywa kwa jina lake. Juu ya mizimu hiyo Wanyamwezi walimtambua Mungu mkuu aliyeitwa Likube, ambaye pia alitajwa kwa majina ya Limatunda, lenye maana ya muumba, na Liwelelo, linaloelekeza kwenye ulimwengu wote. Serikali ya Tanganyika ilipoyafuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, dhamana ya mvua haikutoweka, bali iligawanyika: Waislamu, ambao dini yao iliingia kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani na wa Oman waliojenga makazi yao Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, wanayo sala maalumu ya kuomba mvua, ambayo wanazuoni huiita istiskaa, Wakatoliki, ambao wamisionari wao walifika Ndala, si mbali na Puge, mwishoni mwa karne ya 19, wana misa za nia hiyo, na Wamoravian, walioipokea kazi ya misheni ya Urambo mwaka 1898, nao huyaingiza maombi ya mvua katika ibada zao.

Pamoja na tofauti zao zote, tambiko la mtemi, istiskaa na misa ya kuombea mvua vinafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba hakuna anayeomba mvua kwa ajili ya shamba lake peke yake. Ombi la mvua kwa asili yake ni la pamoja, kwa sababu wingu haligawanyiki kwa mipaka ya mashamba, na Injili ya Mathayo, katika sura ya 5, inaufanya ukweli huo kuwa msingi wa mafundisho, inapokumbusha kwamba Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki bila kubagua. Mafundisho hayo kwa kawaida husomwa kama sifa ya ukarimu wa Mungu, na ndivyo yalivyo. Hata hivyo, yana upande wa pili ambao hauhubiriwi sana. Mvua isiyobagua watu haibagui pia shamba na kitanda, wala haitofautishi mche wa mpunga unaoisubiri na gunia la mpunga lililokwisha kuvunwa. Anayeiomba imnyeshee kila mtu ameomba, atake asitake, iyanyeshee pia mapaa ya watu hao wote, yaliyo mazima na yaliyooza. Hapo ndipo suala la nyumba linapoingia katika teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu, kwa mlango ambao wanateolojia hawakuutarajia.

Namna tatu za kuezeka, namna tatu za kuvuja

Nyumba za ukanda huu zimepita katika namna tatu kuu za kuezeka, na kila namna ina jinsi yake ya kuvuja na jinsi yake ya kutengenezwa. Ya kwanza ni msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka. Paa la nyasi halizuii maji kwa kuwa gumu. Huyazuia kwa kuyaharakisha, kwani mteremko wake mkali huyafanya matone yatiririke kutoka unyasi hadi unyasi, yakilowesha tabaka la juu tu, kabla hayajapata nafasi ya kuzama. Paa hilo huanza kuvuja pale nyasi za kileleni zinapopukutika, au fito zinapolegea na mteremko kupungua, na hapo fundi huezua sehemu iliyooza na kuezeka upya bila kuigusa iliyo nzima. Moshi wa mafiga ya ndani uliwafukuza wadudu na kukausha nyasi, kiasi kwamba nyumba iliyoachwa bila moto ilioza upesi kuliko nyumba inayokaliwa.

Ya pili ni tembe, nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la udongo, ambayo mara nyingi ilizunguka ua wa ndani, na ambayo ilienea sana katika njia za misafara ya karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, aliieleza nyumba ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860, na tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, limehifadhiwa hadi leo kama makumbusho. Ujenzi wake ulikuwa wa tabaka juu ya tabaka: nguzo na boriti, kisha fito zilizopangwa karibu karibu, kisha nyasi au magome ya miti, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa. Faida zake zilikuwa wazi, kwa kuwa paa la udongo halishiki moto upesi, na nafaka zinaweza kuanikwa juu yake. Udhaifu wake ulikuwa wazi vilevile: jua la Agosti huupasua udongo, mchwa hula boriti kutoka ndani pasipo mtu kuona, na mvua ya kwanza hupenya kwenye nyufa na kulilowesha tabaka zima, ambalo huwa zito kiasi cha kuweza kuivunja boriti iliyoliwa. Kwa hiyo tembe lilidai kazi kila mwaka kabla ya mvua: magugu yaliyoota juu yang'olewe, nyufa zikwanguliwe, udongo mpya, hasa wa kichuguu ambao hushikamana vizuri, uchanganywe na maji, umwagwe na kushindiliwa. Msomaji aliyeliona paa la namna hii huielewa bila shida sura ya 2 ya Injili ya Marko, ambamo watu wanne walilitoboa paa na kumshusha mgonjwa mbele ya Yesu, kwani paa la udongo linaweza kufukuliwa na kuzibwa tena siku hiyohiyo. Swali ambalo Marko halijibu, la nani aliyeliziba, ndilo swali la insha hii.

Ya tatu ni nyumba ya bati, ambayo leo ndiyo alama ya maendeleo vijijini. Bati halivuji katikati ya karatasi yake mpaka limekula kutu. Huvuja pale lilipotobolewa na mjenzi mwenyewe. Bati la mawimbi lina migongo na mabonde, na maji hutiririka katika mabonde. Fundi mwangalifu hupigilia msumari kwenye mgongo, ambako maji hayakai, ilhali fundi mwenye haraka hupigilia bondeni, kwa sababu hapo bati limegusa mbao na msumari huingia kwa urahisi. Kila mchana bati hutanuka kwa joto na kila usiku husinyaa, na kwa miaka michache mwendo huo huulegeza msumari na kuukausha mpira ulio chini ya kichwa chake, hata tundu likawa pana kuliko msumari uliolitoboa. Maji yakishapenya huifuata mbao kuelekea chini ya mteremko kabla ya kudondoka, ndiyo maana tone linaloangukia kitandani linaweza kuwa limeingilia karibu na kofia, yaani bati la kilele linalofunika maungio ya pande mbili za paa. Anayeziba juu ya kitanda huziba mahali pasipo na tundu. Mafundi wenye uzoefu hawangoji mvua ili wayajue matundu: huingia ndani mchana wa kiangazi, hufunga milango na madirisha, na kutazama juu, kwa kuwa tundu linalopitisha maji hupitisha pia mwanga.

Namna hizi tatu zinatoa funzo moja kabla ya dini kusema lolote. Hakuna paa lililowahi kumalizika. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alitenganisha kazi zinazoacha kitu cha kudumu duniani, kama nyumba au meza, na kazi zinazojirudia bila kuacha kitu, kama kupika na kufagia, na tangu enzi za Wayunani kazi za aina ya pili zimehesabiwa kuwa duni. Tembe linaufanya mpaka huo uwe mgumu kuonekana, kwa maana nyumba hiyo ilidumu kwa sababu tu ilitengenezwa tena kila mwaka. Anayeidharau kazi ya kuziba kwa kuwa itarudiwa mwakani angepaswa, kwa hoja hiyohiyo, kuidharau sala ya alfajiri kwa kuwa kesho itasaliwa tena.

Je, kuvuja ni hukumu?

Mapokeo ya dini hayasemi kwa sauti moja kuhusu maana ya nyumba inayovuja. Kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 10 aya ya 18, kinakuhusisha kunepa kwa paa na kuvuja kwa nyumba na uvivu wa mikono ya mwenyewe. Kwa msimamo huo kuvuja ni ushahidi: anayelala chini ya tone amejitakia. Msimamo huu ni maarufu vijijini hadi leo, na hutumika kumhukumu jirani bila kupanda ngazi kuona tatizo liko wapi. Hata hivyo, maelezo ya kiufundi yaliyotangulia yanatosha kuudhoofisha, kwani boriti iliyoliwa na mchwa kutoka ndani haikuliwa kwa uvivu wa mtu, na bondeni mwa bati msumari uligongwa na fundi aliyelipwa na kuondoka.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, katika sura ya 14, kinalichukua jambo hilo kwa utaratibu mwingine kabisa. Mwenye nyumba anayeona ukutani alama za kijani au nyekundu zilizozama ndani hupaswa kumwendea kuhani na kumwambia kwamba yaonekana kuna pigo nyumbani mwake. Kuhani huamuru kwanza vyombo vyote vitolewe, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Huikagua nyumba, huifunga siku 7, na kisha huirudia. Alama zikiwa zimeenea, mawe yenye pigo hung'olewa na kutupwa nje ya mji, lipu yote ya ndani hukwanguliwa, mawe mengine hutiwa na ukuta kupigwa lipu upya. Pigo likirudi baada ya hayo yote, ndipo nyumba hubomolewa. Pasiporudi, kuhani huifanyia nyumba ibada ya upatanisho, kwa lugha inayokaribiana sana na ile inayotumiwa kwa binadamu aliyepona. Katika sura hiyo hakuna mahali mwenye nyumba anapoulizwa amekosa nini. Kinachoamriwa ni ukaguzi, subira, kutoa kilichooza bila kugusa kizima, na kubomoa pale tu ambapo matengenezo yameshindwa. Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Talmud waliongeza tafsiri inayostahili kukumbukwa: walisema pigo la nyumba humpata mtu aliyekataa kuwaazima jirani zake vyombo akidai hana, kwa kuwa vyombo vinapotolewa nje ili nyumba ikaguliwe, uongo wake huonekana na wote. Hata walipotafuta kosa, hawakulitafuta katika uvivu. Walilitafuta katika ujirani.

Mapokeo ya Kiislamu yana ushahidi wa aina ya tatu. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wawili wa hadithi wanaoaminika zaidi miongoni mwa Waislamu wa Sunni, wamepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha Madina, na msikiti wa Mtume, ulioezekwa kwa matawi ya mitende, ukavuja, hata akaonekana akisujudu katika maji na tope, na alama ya tope ikabaki kwenye paji la uso wake. Ikiwa kuvuja kungekuwa alama ya aibu au ya kukataliwa, usiku huo, ambao waumini wanauhusisha na Usiku wa Cheo, usingekuwa mahali pake. Lakini hadithi hiyo haiwezi kutumiwa kuhalalisha kuacha paa livuje, kwa sababu Bukhari anaeleza pia kwamba khalifa Umar, alipoamuru msikiti huo ujengwe upya, alielekeza kwamba watu wakingwe na mvua na akaonya dhidi ya rangi na mapambo yanayowashughulisha wanaosali. Kwa pamoja masimulizi haya mawili yanatenganisha mambo ambayo Mhubiri aliyaunganisha: kuvuja hakumshushi mtu hadhi, na kukinga watu dhidi ya mvua ni wajibu, tena wajibu huo una kipimo, kwani kinachodaiwa ni ukavu na wala si fahari. Kijiji ambamo mtu huezeka bati la rangi juu ya bati lililo zima, ilhali nyuma ya ua wake nyumba ya mjane inavuja, kimekiuka kipimo hicho cha Umar pande zote mbili.

Maji na njia yake

Linabaki swali la mwanzo, kama kuzuia mvua ni kuikataa neema. Njia moja ya kulijibu ni kuangalia kinachotokea pale binadamu anapojaribu kweli kuikataa mvua kabisa. Nyuzilandi ilipata funzo hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1990 zilijengwa huko nyumba nyingi zenye kuta za lipu laini isiyo na nafasi ya hewa nyuma yake, zenye upenu mfupi au zisizo na upenu, na zenye fremu za mbao ambazo hazikutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Ubunifu huo ulitegemea kwamba tabaka la nje lingefunga kila kitu. Lilipopasuka hata kidogo kandokando ya madirisha, maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea, yakakaa ndani ya ukuta na kuuozesha kimyakimya. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria maalumu ya kushughulikia madai ya wenye nyumba mwaka 2002, na ripoti ya kampuni ya PricewaterhouseCoopers ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba nyumba zilizoathirika zilikuwa takribani 42,000. Mafundisho yaliyotokana na janga hilo, pamoja na janga lililofanana nalo huko Vancouver nchini Kanada, yalifupishwa katika kanuni nne: maji yaepushwe yasiufikie ukuta, yaliyopenya yapewe njia ya kutoka, palipolowa papate hewa ya kukauka, na vifaa viwe vya kustahimili unyevu wakati hayo matatu yakiendelea.

Kanuni ya pili ndiyo yenye uzito wa kifalsafa. Inakiri kwamba hakuna ukuta usiopenyeka, na kwamba nyumba salama ni ile iliyotengenezwa kwa kutarajia kupenywa. Anayetengeneza nyumba kwa msingi huo hayatendei maji kama adui, anayapangia mahali. Hapa ndipo fasili ya kale ya uadilifu, inayotumiwa sana na wanazuoni wa Kiislamu, inapofaa: uadilifu ni kuweka kila kitu mahali pake, na dhuluma ni kukiweka mahali pasipokuwa pake. Maji shambani ni mahali pake, na yakikosekana huko kuna upungufu. Maji katika gunia la mahindi si mahali pake, kwani nafaka iliyolowa huota ukungu unaoweza kuzalisha sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipokula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Kitu kilekile kinakuwa uhai au kifo kwa tofauti ya mahali tu, na paa ndicho chombo ambacho binadamu hukitumia kuiweka tofauti hiyo.

Kwamba huu ndio mtazamo wa dini yenyewe kunathibitishwa na hadithi nyingine iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa akalalamika kwamba mifugo inakufa kwa ukame; Mtume akaomba, na mvua ikanyesha mpaka Ijumaa iliyofuata, ambapo mtu akasimama akasema kwamba sasa majengo yanabomoka na mali inazama. Mtume hakumkemea kwa kukosa shukrani, wala hakuomba mvua ikome. Aliomba inyeshe kandokando ya watu na isiwe juu yao, katika vilima, mabonde na mahali panapoota miti. Ombi la pili halikulifuta la kwanza, lililikamilisha, kwa kuwa liliitaka neema ileile iende mahali pake. Mkulima wa Puge anayepigilia upya msumari kwenye mgongo wa bati anafanya kwa nyundo kile ambacho dua hiyo ilikifanya kwa maneno: anaiomba mvua iwe kandokando.

Deni la aliyeomba

Ikiwa ni hivyo, basi mtu hawezi kusali nusu ya kwanza ya dua na kuiacha ya pili. Na hapa ndipo hoja inapotoka katika nyumba ya mtu mmoja. Ombi la kwanza ni la wote. Kwa hiyo na la pili haliwezi kuwa la kila mtu kwa nyumba yake tu. Mwenye bati zima anayesimama pamoja na wenzake kuomba mvua anaomba kitu ambacho kwake kitakuwa mavuno tu, na kwa jirani aliyelala chini ya tembe lililopasuka kitakuwa mavuno pamoja na usiku wa kukesha, au hata ukuta kuanguka. Amemwombea jirani yake hatari ambayo yeye mwenyewe amejikinga nayo. Hilo haliifanyi sala kuwa dhambi, lakini linaiachia deni, na deni hilo hulipwa juu ya paa la jirani kabla ya Novemba.

Historia ya ukanda huu inaonyesha kwamba hoja hii haikuwa ya nadharia. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine kati ya bara na pwani, walisafiri zaidi kiangazi, wakati mashamba hayadai kazi; na kiangazi ndicho hichohicho kipindi cha kuezeka na kuziba. Mwanamume aliyekuwa njiani kuelekea Bagamoyo mwezi Agosti hakuwa juu ya paa lake. Nyumba yake iliwategemea waliobaki, na kazi ya ujima, yaani kazi inayofanywa na wengi kwa mmoja na kulipwa kwa chakula, pombe na kwa zamu ya kurudishiana, ilikuwa ndiyo bima ya msafiri. Wapagazi wanahusiana pia na methali inayosema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hiyo ni ya kweli kwa yule anayebeba mzigo usio wake: kila kinachodondoka kinampunguzia uzito. Ndiyo tabia ya mpangishaji anayepokea kodi ya chumba kinachovuja, na ya viongozi wanaoliacha darasa la shule livuje kwa kuwa watoto wao wanasoma kwingine. Anayeiona nyumba ya mwenzake kama pakacha la mtu mwingine hawezi kuhuzunika inapovuja. Kinyume cha mtazamo huo ni kile ambacho Uislamu na Ukristo hukiita amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa bila kuwa mmiliki wake wa mwisho, na ambacho ataulizwa habari zake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii ni umaskini. Inaweza kusemwa kwamba kumdai mtu asiye na uwezo wa kununua bati azibe paa la mwingine ni kuongeza mzigo kwa aliyelemewa. Jibu lake liko katika kipimo cha Umar na katika ufundi wenyewe. Kinachodaiwa ni ukavu, na sehemu kubwa ya ukavu haipatikani kwa bati jipya, bali kwa kazi ndogo zinazofanywa kwa wakati: kung'oa msumari uliolegea na kuugonga mwingine mnene mahali palepale wenye mpira mpya, kuongeza udongo wa kichuguu kwenye ufa wa tembe, kubadilisha nyasi za kileleni, kuchimba mfereji unaoyaondoa maji yanayoruka kutoka upenuni na kuula ukuta wa matofali mabichi. Kazi hizo zinahitaji ngazi, macho na saa chache za watu wenye afya, vitu ambavyo mzee au mjane hana na ambavyo kijiji kinavyo. Pingamizi la pili, kwamba kujishughulisha na mapaa ni kukosa kumtegemea Mungu, halina nguvu, kwa kuwa aliyeiomba mvua iende vilimani hakuona kwamba kuielekeza neema ni kuitilia shaka.

Yanayofuata kutokana na hoja hii ni ya kiutendaji, nayo yanawahusu zaidi wanaoongoza ibada. Kama msikiti au kanisa litaitisha maombi ya mvua mwezi Novemba, haki ya kuyaitisha inapaswa kutayarishwa mwezi Agosti au Septemba, kwa kupita nyumba hadi nyumba wakati jua bado linaonyesha matundu, kuandika zile ambazo wenyewe hawana nguvu ya kuzitengeneza, na kuwapanga vijana kwa zamu bila kuuliza mwenye nyumba anasali wapi, kwa kuwa mvua haitamuuliza. Zamani mtemi aliulizwa kwa nini mvua haikunyesha. Walioirithi dhamana yake wanastahili kuulizwa swali gumu kuliko hilo, kwa sababu jibu lake limo mikononi mwao: mvua iliponyesha kama walivyoomba, ilimwangukia nani kitandani?